Jean Nicot: Bwana aliyeiachia sumu ya sigara jina lake

Ukifika Malindi jioni moja, shuka hadi kwenye mnara wa Vasco da Gama, pale kwenye rasi ambapo mawimbi hupiga mwamba mchana na usiku. Juu ya mnara ule kuna msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Watu huketi pale kupunga upepo, na hutakosa kumwona mmoja wao akiwa na sigara mkononi. Yamkini mtu huyo amekwisha kuapa kwamba ataiacha, tena si mara moja wala mbili. Siku ya kwanza alistahimili. Siku ya pili usingizi ulimpaa. Siku ya tatu aligombana na mkewe asubuhi, akagombana na wenziwe kazini mchana, na magharibi akajikuta amesimama mbele ya kibanda akinunua sigara moja tu, ya mwisho, kama alivyojiambia.

Kitu kinachomrudisha kibandani huitwa nikotini. Jina hilo, kabla ya kuwa la sumu, lilikuwa la mtu. Mtu mwenyewe ni Bwana Jean Nicot, Mfaransa, msomi na balozi, ambaye aliishi Lisbon katika siku zile zile ambapo Wareno walikuwa na makao yao hapa Malindi. Watu hulitaja jina lake duniani kote, lakini ni wachache wanaojua kwamba palikuwa na mwanadamu mwenye jina hilo, mwenye baba na mama, kazi na matumaini yake. Leo tumtazame alikuwa nani, alitenda nini, na alikosea wapi. Kosa lake lina faida kwa yeyote anayetaka kuacha sigara.

MTOTO WA MWANDISHI WA HATI

Nicot alizaliwa mwaka wa 1530 katika mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mwandishi wa hati: mtu wa kuandika na kuthibitisha mikataba ya mauziano, wasia na ndoa. Basi mtoto alikulia katika nyumba ya karatasi na wino, na mapenzi ya maneno na maandishi hayakumtoka mpaka kufa kwake.

Alipokuwa kijana wa miaka 23 alikwenda Paris kutafuta maisha. Huko alipata kazi katika ofisi ya mkubwa aliyeshika mihuri ya mfalme. Hapakuwa na hati ya maana katika ufalme wote ambayo haikupita mahali pale, na kijana mwenye akili na mwandiko mzuri hakuchelewa kutambuliwa. Akapanda daraja baada ya daraja, hata mnamo mwaka wa 1559 alipopewa kazi ya ubalozi nchini Ureno. Wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Kazi aliyotumwa ilikuwa ya posa. Wafalme wa Ufaransa walitaka binti yao Marguerite aolewe na mfalme wa Ureno, Sebastian. Bibi arusi mtarajiwa alikuwa na umri wa miaka 6, na bwana arusi miaka 5. Hata hivyo mtoto huyo tayari alikuwa mfalme, kwani alirithi kiti akiwa na miaka 3 tu. Ndivyo zilivyokuwa ndoa za wakubwa wa Ulaya siku zile: watoto walichezeshwa kama kete za bao.

LISBON ILIYOIJUA MALINDI

Mji aliofikia Nicot ulikuwa bandari kubwa. Merikebu zilitoka Brazil, zikatoka Guinea, zikatoka Bara Hindi zimejaa pilipili na vitambaa. Jina la Malindi halikuwa geni huko. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipokwisha kupata uhasama Mombasa, alikaribishwa vyema na Sultani wa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Tangu hapo Wareno waliihesabu Malindi kuwa rafiki yao katika mwambao huu. Ilikuwa mwaka wa 1593, zaidi ya miaka 30 baada ya Nicot kufika Lisbon, ndipo walipohamishia nguvu zao Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus.

Kuna ushahidi mwingine wa ujirani huo. Mshairi mashuhuri wa Ureno, Luís de Camões, alipochapisha utenzi wake mkubwa Os Lusíadas mwaka wa 1572, alimweka Vasco da Gama mbele ya Sultani wa Malindi akimsimulia historia ya nchi yake. Utenzi huo alimtabarukia Mfalme Sebastian, yaani mtoto yule yule ambaye Nicot alikwenda kumtafutia ndoa.

Miongoni mwa wasomi aliokutana nao Nicot mjini Lisbon alikuwapo Damião de Góis, mtunzaji mkuu wa nyaraka za ufalme. Mzee huyo ndiye aliyekuja kuandika tarehe ya Mfalme Manuel, mfalme aliyemtuma Vasco da Gama, na kwa hivyo safari ya kufika kwetu imo katika kitabu chake. Masimulizi ya jinsi Nicot alivyopata mmea wa tumbaku yanatofautiana. Wengine husema alionyeshwa na Góis, wengine husema alipewa na mfanyabiashara wa Kiflemi aliyetoka ng'ambo. Lililo wazi ni kwamba aliupanda katika bustani ya nyumba ya ubalozi, akawa anautunza.

Mmea wenyewe ulitoka Marekani, nchi ambako Wahindi Wekundu waliujua kwa karne nyingi. Ulikuwa wa ukoo wa vile vitu ambavyo Wareno walivitawanya duniani, na ambavyo sasa twaviona kama vyetu wenyewe: mahindi, mihogo, mananasi, na hata ile mikorosho inayofunika mashamba ya Kilifi. Neno letu la tumbaku nalo ni ndugu wa tabaco la Wareno.

MPISHI NA KIDOLE CHAKE

Sasa tunafika kwenye jambo lililomjengea Nicot jina. Siku moja jamaa wa mtumishi wake mmoja alikuwa na kidonda kibaya shavuni, karibu na pua. Alilipondaponda jani la mmea ule na kulibandika pamoja na maji yake juu ya kidonda. Nafuu ikaonekana. Nicot aliposikia alimwita kijana huyo, akaamuru tiba iendelee kwa siku kadhaa mbele ya macho ya tabibu, na kidonda kikapona.

Haukupita muda mrefu, mpishi wa ubalozi alijikata kidole gumba kwa kisu kikubwa cha jikoni, kikabaki kuning'inia. Wakakimbilia bustanini, wakachuma majani, wakamfunga. Baada ya kufungwa hivyo mara tano au sita, kidole kikashika. Habari zikaenea Lisbon nzima, na wagonjwa wakawa wanabisha mlangoni kwa balozi kutafuta majani.

Mwezi wa Aprili 1560 Nicot aliandika barua kwa mkubwa mmoja wa kanisa nchini Ufaransa, Kadinali wa Lorraine, akamweleza kwamba amepata mmea kutoka ng'ambo wenye nguvu ya ajabu dhidi ya vidonda vilivyokuwa vikihesabiwa kuwa havina dawa. Alituma mbegu na majani nyumbani. Unga wa jani hilo, yaani ugoro, ulimfikia Catherine de' Medici, mama wa wafalme, na yasemekana aliutumia kwa maumivu ya kichwa. Mkubwa akinusa, barza yote hunusa. Muda si muda ugoro ukawa jambo la fahari katika nyumba za wakubwa. Wengine waliuita mmea ule jani la Malkia. Wengine waliuita kwa jina la balozi aliyeuleta.

Posa yenyewe haikufaulu. Nicot alirudi Ufaransa mwaka wa 1561 mikono mitupu. Sebastian alikufa vitani nchini Morocco mwaka wa 1578 akiwa bado kijana, bila ya kuoa. Marguerite aliolewa kwingine. Katika kazi yote ya ubalozi ule, kilichobaki ni jani.

MANUNG'UNIKO YA PADRI

Si kila mtu aliyefurahia sifa za Nicot. Alikuwapo padri mmoja wa Kifransa, André Thevet, aliyefika Brazil mwaka wa 1555, akauona mmea ule kwa macho yake na kurudi na mbegu miaka kadhaa kabla ya Nicot kuandika barua yake. Alitaka uitwe kwa jina la jimbo alilozaliwa. Thevet alilalamika kwa uchungu kwamba mtu ambaye hakupata kuvuka bahari ile amechukua heshima ya mtu aliyeivuka.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Laiti Thevet angalijua jina hilo litakuja kutajwa kwa ubaya kiasi gani, huenda angalishukuru kwamba alinyimwa.

Lakini kosa kubwa la siku zile halikuwa la nani alitangulia. Kosa lilikuwa katika namna ya kuipima dawa. Nicot alilitazama jani siku lilipobandikwa, akalitazama na siku kidonda kilipofunga, akaridhika. Hakumtazama mtu aliyelitumia mwaka mzima kwa pua au kwa mdomo, kisha akaambiwa aliache.

Na habari za watu wa namna hiyo zilikuwapo. Padri wa Kihispania Bartolomé de las Casas, aliyeishi miaka mingi katika visiwa vya Marekani, aliwaona Wahispania wenziwe wa kisiwa cha Hispaniola wakivuta tumbaku kama wenyeji. Walipokemewa kwa tabia hiyo, walimjibu kwamba kuiacha hakumo tena katika uwezo wao. Naye akastaajabu, asione wanapata ladha gani wala faida gani. Las Casas aliyaandika hayo katika historia yake kubwa, lakini kitabu hicho hakikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1875. Basi barua ya kusifu ilisomwa na wakubwa mara moja, na karatasi ya kuonya ikalala sandukuni zaidi ya miaka 300.

KAMUSI YA MZEE

Nicot aliishi miaka mingi baada ya kurudi nyumbani. Alipewa shamba katika nchi ya Brie, si mbali na Paris, na huko akarudia mapenzi yake ya utotoni, yaani maneno. Alikusanya maneno ya Kifaransa, ya kale na ya wakati wake, akayaeleza moja moja. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hakuwahi kuiona ikitoka mtamboni. Alifariki mjini Paris, na miaka michache baadaye, mwaka wa 1606, ikachapishwa kamusi yake, Thresor de la langue françoyse. Wataalamu wa lugha huihesabu kuwa moja ya kamusi za kwanza za kweli za Kifaransa.

Katika kamusi hiyo limo neno la mmea ule, na mmea unaitwa kwa jina lake mwenyewe. Maelezo yanasema ni jani la ajabu la kuponya majeraha na vidonda, lililotumwa Ufaransa na Bwana Nicot alipokuwa balozi Ureno. Basi mzee aliingia kaburini akiamini kwamba amewaachia watu dawa. Kama angaliulizwa ni lipi litakalomdumisha, bila shaka angaliitaja kamusi. Leo kamusi inafunguliwa na wasomi wachache, lakini jina lake limebaki katika sumu ya sigara.

Mwaka wa 1753 mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, alipoipanga mimea yote kwa majina ya Kilatini, aliuita ukoo wa tumbaku Nicotiana. Mwaka wa 1828 Wajerumani wawili katika chuo kikuu cha Heidelberg, Posselt na Reimann, walifaulu kuitenga sumu iliyomo ndani ya jani, nayo ikachukua jina hilo hilo: nikotini.

AROSTO YA SIGARA

Sumu hiyo hufanya nini? Mtu avutapo moshi, nikotini hufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko huingia katika vijilango vidogo vya ubongo, na ubongo hutoa burudani kidogo. Mwili haukubali kushindwa. Ukiona nikotini inakuja kila siku, huongeza vijilango. Kwa hivyo sigara mbili za mwanzo huwa tano, na tano huwa paketi. Baada ya saa 2 hivi, nusu ya nikotini imekwisha kutoka katika damu, na vijilango vyote huanza kubisha hodi pamoja.

Vijana wa mitaani hapa pwani wana neno kwa taabu ya kukosa unga: huiita arosto. Sigara nayo ina arosto yake. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho. Hushika kilele siku ya pili na ya tatu. Mtu huwa na hasira za karibu, moyo haumtulii, usingizi unakatika, njaa inamshika, kazi inayotaka akili inamshinda. Baadhi huvimbiwa tumbo, wengine hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta. Baada ya siku hizo za mwanzo taabu hupungua pole pole, na kwa wengi huwa imetulia katika wiki 2 hadi 4.

Hapa ndipo wavutaji wengi hudanganyika. Husema sigara huwatuliza. Kwa hakika sigara huondoa fadhaa iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Ni kama mtu anayekuchoma mwiba kisha akuchomoe, nawe ukamshukuru kwa kuuchomoa. Mtu asiyevuta anao utulivu huo tangu asubuhi, wala hakuununua.

Basi yafaa mwenye kuacha ajue mambo matatu. Kwanza, hasira ya siku ya tatu si tabia yake mpya, wala si dalili kwamba mwili unaihitaji sigara. Ni vijilango vinavyobisha, na visipofunguliwa hupungua. Pili, kiu ya sigara huja kama wimbi: hupanda, hufika juu, hushuka, na kwa kawaida haidumu ila dakika chache. Mvuvi wa Mambrui hapigani na wimbi. Hulielekezea ngalawa, akalingoja lipite. Tatu, kiu hiyo ina mahali pake na saa zake: baada ya chakula, kwenye kahawa, kwenye baraza ya marafiki, na wakati wa ghadhabu.

Kwa wimbi la dakika chache, pwani yetu haikosi msaada. Kuna maji baridi na dafu. Kuna mswaki wa mti, unaoupa mdomo na mkono kazi ile ile waliyoizoea. Kuna karanga, ukwaju, na embe mbichi kwa pilipili. Kuna kutembea ufukoni hata kiu ishuke. Kahawa chungu yataka hadhari zaidi. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kahawa haraka, na mtu akiacha kuvuta, vikombe vile vile alivyovizoea humzidi nguvu. Huona moyo unamwenda mbio na usingizi umekatika, akadhani ni sigara anayoikosa, kumbe ni kahawa iliyomzidi. Apunguze hadi nusu.

Kisha lipo funzo la Ramadhani. Hapa kwetu karibu na Ikweta mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 bila ya sigara. Mtu ambaye siku nyingine haendi saa mbili huzimaliza saa zote hizo, tena akiwa na njaa na kiu ya maji. Anapata wapi nguvu? Mlango umefungwa, naye anajua umefungwa, kwa hivyo hakai akijadiliana na nafsi yake kila dakika. Magharibi ikiingia mlango hufunguka, na aghalabu mkono huifikia sigara kabla ya futari kwisha. Yaani mwili wake umekwisha kuthibitisha kwamba unaweza, mara 29 au 30 kila mwaka. Kilichobaki ni kuufunga mlango hata baada ya magharibi: kutoweka paketi nyumbani, kuwaambia wa nyumbani na marafiki, na kuhama baraza ya wavutaji kwa mwezi mmoja.

Zaidi ya yote, aiogope ile sigara moja ya mwisho. Mwonja asali haonji mara moja. Lakini akianguka asikate tamaa pia, kwani wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

JANI LARUDI KWENYE NGOZI

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo lingalimfurahisha Bwana Nicot. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu tiba ya kuwasaidia wanaoacha tumbaku. Tiba hiyo ni nikotini yenyewe, iliyotiwa katika chingamu ya kutafuna au katika kibandiko cha kubandika mkononi. Wahenga walikwisha kusema kwamba dawa ya moto ni moto.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Kupitia ngozini, nikotini huingia pole pole, haivamii ubongo kwa sekunde kama moshi, wala haiji na lami na hewa chafu ya sigara, ambazo ndizo zinazoharibu mapafu na moyo zaidi. Kipimo hupunguzwa wiki baada ya wiki, vijilango vinapungua, mpaka mtu huacha na kibandiko chenyewe. Mwenye kutaka njia hii amwone daktari au mtaalamu wa dawa, hasa kama ana mimba au ugonjwa wa moyo.

Tazama basi jinsi mambo yalivyozunguka. Mwaka wa 1560 jani lilibandikwa kwenye shavu la kijana na kidole cha mpishi, likasifiwa. Kutoka ngozini likapanda puani, kutoka puani likaingia mdomoni na mapafuni, likawafunga mamilioni ya watu. Leo nikotini ile ile inarudishwa kwenye ngozi, mara hii ili kuwafungua. Tofauti ni kwamba wanaoibandika sasa wamekwisha kuiona siku ya tatu.

Hatuna haja ya kumlaani Nicot. Hakuwa mwongo wala mlaghai. Alikuwa mtu wa vitabu aliyeona kidole kimeunga, akafurahi na kuharakisha kutangaza. Kosa lake ni lile linalofanywa mpaka leo na kijana anayepewa sigara ya kwanza na rafiki yake, akaona haikumdhuru, akasema haina neno. Kitu kama hicho hakipimwi siku ya kukianza. Hupimwa siku ya kukiacha.

Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka wa 2007, na kuvuta hadharani kukapigwa marufuku. Sheria yaweza kumtoa mtu na sigara yake barazani, lakini haiwezi kukaa naye usiku wa manane anapogeuka kitandani bila ya usingizi. Hapo anahitaji mke au mume anayeelewa kwa nini amekuwa mkali wiki hii, rafiki ambaye hatamcheka wala kumpa sigara kumjaribu, na yeye mwenyewe kujua kwamba taabu ile ina siku zake za kuhesabika.

Kwa hivyo ukimwona pale mnarani mtu amekunja uso, anatafuna mswaki na kuitazama bahari bila ya kusema na mtu, usimwite mwenye kiburi. Huenda yuko katika siku yake ya tatu. Mpe salamu, umwachie nafasi, na kesho umpitie tena. Mazoea yana taabu, walisema wazee wetu, na taabu hiyo mwenzako anaipunguza kila siku anayopita bila ya kurudi kibandani.